Baada ya Basi

Mama Edina Mligo aliingia ofisini na viatu vya mpira vyenye tope la kitalu, akapita kiti cha wateja kana kwamba hakukiona, akaenda kuketi kwenye kiti cha Bwana Chengula, msimamizi, aliyekuwa ametoka kunywa chai. Kiti hicho kilikuwa na kipasha joto chini ya mto. Njombe nzima ilikijua, lakini aliyethubutu kukikalia alikuwa Mama Edina peke yake.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Miche haijambo?"

"Miche haijambo. Mwenye kesi ni mimi. Bomba limenisimanga asubuhi hii. Nalifungua, badala ya kutoa maji linaniambia, 'Mwenye hisa, hujaweka basi lako.' Mbele ya jirani!"

Lusungu Mwalongo aliinamisha uso ili asicheke waziwazi. Alikuwa mshika kauli, kazi ambayo mama yake mzazi hadi leo hawezi kuwaeleza watu kanisani. Mama Edina alikuwa mteja wake, na kabla ya kuwa mteja alikuwa mwalimu wake wa kwaya.

"Bomba halikosei, mama. Mwisho ni Ijumaa. Kila mwenye hisa za Ukungu lazima ataje bei ambayo ikishuka hadi hapo, hisa zake ziuzwe."

"Niuze maji yangu?"

"Uyauze kabla hujakosa maji ukakosa na hela."

Alikuwa hatanii. Kampuni ya Ukungu ilikuwa imetandaza nyavu zake juu ya milima ya Kipengere, ikawa inaukamua ukungu kama nguo mbichi na kuuteremsha mjini kwa mabomba. Mito ilikauka zamani, Lusungu akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa kilichofungua bomba la mtu ni hisa zake: mwenye nyingi lilimwaga, mwenye chache lilidondosha, na asiye nazo alibaki na chuma kilichochomekwa ardhini. Hisa za Mama Edina zilitosha kunywesha kitalu kizima cha miche ya parachichi, na tangu awe mjane kitalu hicho ndicho kilichokuwa kikimwamsha asubuhi. Akiuza hisa, bomba linafungwa jioni hiyo hiyo. Asipouza na kampuni ikafa, bomba linafungwa vilevile, na mkononi hana kitu cha kuanzia.

Lusungu aliwasha meza. Mistari miwili ikajitokeza kwenye kioo, mmoja ukirukaruka, mwingine umetulia.

"Huu unaoruka ni bei. Leo ni mia tano. Huu uliotulia ni mstari wa wastani. Unachukua bei za majuma yaliyopita, unazichanganya, unakuonyesha zilikuwa zinaelekea wapi."

"Zilikuwa. Sasa hivi zinaelekea wapi?"

"Hilo hausemi."

"Huo ni mstari wa mtu anayetembea kinyumenyume," alisema Mama Edina. "Na kile kimshale pembeni?"

"Kipimo cha uchovu. Kinapima wauzaji wamechoka kiasi gani. Wakishachoka sana, mara nyingi bei inarudi juu."

"Mara nyingi."

"Mara nyingi, mama. Si kila mara."

"Na vikigombana? Mstari ukisema uza, mshale ukisema ngoja?"

"Vinagombana karibu kila siku. Ndiyo maana watu wanaweka basi. Unaamua ukiwa umetulia, halafu siku ya fujo hugombani na mtu."

Jina lake la kitabuni ni agizo la kukomesha hasara. Hakuna aliyeliita hivyo. Agizo lilitolewa kwa mdomo, mtu akisema "zikishuka hadi hapa, basi", na watu wakaanza kuulizana, wewe umeweka basi lako wapi? Utani ulikuwa haukwepeki. Mtu aliyeuziwa hisa zake kwa hasara aliulizwa kama alipata siti ya dirishani.

"Niliweke wapi basi hilo?"

"Ukiliweka karibu, mia nne na tisini hivi, bei itatikisika kidogo tu na utakuwa umeshushwa bure. Ukiliweka mbali sana, likija utakuwa umeshaumia. Wengi wanaliweka chini kidogo ya mstari wa wastani. Mia nne."

"Wengi wangapi?"

"Karibu wote."

Mama Edina alimtazama kwa jicho la mwalimu wa kwaya aliyesikia mtu mmoja akiimba nje ya sauti. "Kwa hiyo mji mzima tunasimama kituo kimoja, tunasubiri basi moja. Na likija, mlango wake ni mmoja."

Ndivyo kitabu kilivyofundisha, na ndivyo yeye alivyomweleza kila mteja, na kila mara alihisi kuna kitu hapo hakijakaa vizuri. Wote wakiuza kwa pamoja, wa kwanza angepata mia nne, na waliobaki wangepata chochote kilichosalia. Basi linakuhakikishia kwamba utauza. Bei ya kuuzia halikuhakikishii. Alimweleza hivyo bila kumficha.

"Marehemu baba yenu Amoni hakutaka kusikia habari za basi," alisema Mama Edina. "Mwaka ule wa Mporomoko wa soko alikuwa nalo, enzi hizo mtu anaruhusiwa kulisogeza. Basi kila bei ikilikaribia, analisogeza chini. Namuuliza, Baba, vipi? Ananiambia, itapanda. Alilisogeza mpaka likafika sakafuni. Shamba lote la kahawa, Lusungu. Siku ya mwisho bado anasema itapanda." Alivuta sweta kifuani. "Nami nilikuwa naamini. Hilo ndilo linalonitisha, nilikuwa naamini kabisa."

Kwa ajili ya akina Amoni, na walikuwa wengi, sheria mpya ilisema basi likishawekwa linaweza kupandishwa tu. Kulishusha ni mwiko.

"Niandikie hapa hapa, mama?"

"Hapana. Nitaliambia bomba mwenyewe. Nataka niseme nikiwa naitazama miche." Alisimama, akaacha nyayo mbili za tope mbele ya kiti cha Bwana Chengula, akageukia mlangoni. "Na Jumapili nilikusikia. Unavuta pumzi kama mtu aliyefukuzwa na ng'ombe. Pumzi ya kuingilia, nimekufundisha mimi, ni fupi na inasikika kabla ya neno. Anayejua kusikiliza anajua unakuja kabla hujafika."

* * *

Ukungu haukuja.

Ni kitu ambacho watu wa Njombe hawakuwahi kufikiri wangekitamani. Babu zao walilalamikia ukungu maisha yao yote, na sasa wajukuu walitoka nje kila asubuhi, wakaona anga la bluu mpaka Kipengere, wakarudi ndani wamenuna. Nyavu zilining'inia kavu. Bei ikashuka mia nne na themanini, ikapanda kidogo watu wakashangilia, ikashuka tena. Mstari wa wastani ulikuwa bado unaelekea juu, kwa sababu ulikuwa bado unaota kuhusu mwezi uliopita.

Siku bei ilipovunja mia nne ilikuwa asubuhi nyeupe ya jua. Ofisini kengele ya kwanza ililia Lusungu akiwa anamenya kiazi cha chai. Ikalia ya pili. Halafu zikalia zote, mstari mzima wa meza, na washika kauli wakavaa visikilizio vyao.

Mashine, iliyoitwa Kauli, ilikuwa na uwezo wa kuuza hisa za mkoa mzima kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Wakati wa Mporomoko ndivyo ilivyofanya. Tangu hapo ilikatazwa kuuza hisa ya mtu yeyote mpaka binadamu awe ameisikiliza sauti ya mwenyewe ikitoa agizo, akatamka neno moja: nimesikia. Kwenye kioo cha kila mshika kauli uliwaka mshumaa mdogo. Mshumaa ukizimika kabla ya neno hilo, agizo linaanguka mpaka kesho, na mshika kauli anapeleka kibali chake wizarani na kutafuta kazi nyingine. Na wakati kengele inalia, kumpigia mteja simu ni marufuku. Mteja aliyeshikwa na hofu angesema chochote. Basi liliwekwa ili hofu isipewe nafasi ya kusema.

Lusungu alisikiliza. Mzee wa mtaa wa Ramadhani mjini, sauti kavu: "Zikishuka hadi mia nne, basi." Mlio mfupi. "Nimesikia." Mwalimu wa shule ya msingi: "Mia nne, basi." Mlio. "Nimesikia." Kila aliposema, bei ilishuka kidogo, maana kila hisa iliyouzwa ilikuwa inazisukuma nyingine. Kituo kimoja, mlango mmoja. Alimkumbuka aliyeyasema hayo, na kioo kikamletea jina lake.

"Mimi Edina Mligo. Hisa zangu zote za Ukungu. Zikishuka hadi mia nne, basi..."

Mlio.

Lusungu alifungua kinywa kusema neno lake, akasita. Akairudia sauti. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akafumba macho.

Baada ya "basi", kabla ya mlio, palikuwa na kitu. Kidogo sana, kifupi. Pumzi ikiingia.

"Bwana Chengula!"

Msimamizi alikuja akiwa ameshika kikombe. Alikuwa mtu mpole mwenye mashavu ya mviringo, ambaye hofu yake kubwa maishani ilikuwa barua kutoka wizarani. Lusungu alimvisha kisikilizio.

"Umesikia?"

"Nimesikia agizo. Mia nne, basi."

"Baada ya basi."

"Baada ya basi hakuna kitu. Kauli inakata pale. Imefundishwa hivyo, basi ni mwisho wa maneno."

"Imefundishwa na nani?"

"Na wataalamu, Lusungu. Mshumaa unawaka."

"Bwana Chengula, wewe ukitaka kutusimulia jambo, unaanzaje?"

"Nini? Mimi? Mtu anaanza tu. Basi..." Kikombe kikabaki hewani.

Wataalamu wale, popote walipo, walikuwa wamelipata nusu. Mtu humaliza kwa basi. Lakini mtu pia huanza kwa basi, huunganisha kwa basi, na huko Nyanda za Juu hawezi kupita sentensi mbili bila kulipitia. Mashine ilipolisikia iliridhika, ikafunga mlango, ikamwacha Mama Edina nje na pumzi yake. Alikuwa anaendelea. Alikuwa ana neno lingine, na neno hilo halikuwa popote duniani isipokuwa kichwani mwake.

"Labda alitaka kusema basi niulizeni kwanza," alisema Lusungu. "Labda basi ziuzwe nusu. Nikisema neno langu bomba lake linafungwa leo. Miche yote ile."

"Na usiposema?"

Alitazama kioo. Mia tatu na themanini. Mstari wa wastani, ulioamka ukiwa umechelewa kuliko kila mtu, sasa ulikuwa umepinda chini na unapiga kelele uza. Kipimo cha uchovu kilikuwa kimegonga mwisho: wauzaji wamechoka, ngoja. Alitamani kukiamini kile cha pili. Alikitamani kiasi kwamba alijishtukia. Kipimo hakikuwa kimepata akili mpya tangu jana, ila jana hakikuwa na miche ya Mama Edina ndani yake.

"Sheria inasema neno ni neno," alisema Bwana Chengula, lakini kwa sauti ya mtu anayejikumbusha mwenyewe. "Lilisikika mpaka hapo."

"Lilikatwa hapo."

Mshumaa ulikuwa umefika katikati. Lusungu alichukua simu.

"Lusungu, ukipiga hiyo nitalazimika kuitaja."

"Itaje," alisema, na akapiga.

* * *

Iliita sana. Mama Edina alipopokea, nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo, na alikuwa anaimba sauti ya tatu, ile ya wanaume, jinsi alivyopenda akiwa peke yake.

"Mama, ni Lusungu. Nisikilize, usiniulize kitu. Siku ile ulipoliambia bomba, ulisema zikishuka hadi mia nne, basi. Baada ya basi ulisema nini?"

"Kwani halikusikia?"

"Nataka nikusikie wewe."

"Nyie vijana na mitambo yenu." Alicheka. "Nilisema, basi, ziuzwe, na Lusungu asinipigie simu. Maana akinipigia nitamwomba angoje, na yule binti jina lake lenyewe ni huruma, atangoja. Nikaongeza asinichukie kwa kusema hivyo. Nilisema vizuri, mwanangu, ingawa bomba lilinidakia katikati, nilijipanga kama naongea na askofu."

Lusungu aliukodolea macho mshumaa.

Kicheko upande wa pili kilipungua, kikaisha. Maji yalifungwa.

"Lusungu," ilisema sauti nyingine kabisa ya mwanamke yule yule. "Mbona umenipigia?"

Hakutakiwa kusema. Hakusema. Haikusaidia kitu.

"Imefika," alisema Mama Edina.

"Mama..."

"Ngoja."

"Mama, umeniambia sasa hivi..."

"Najua nilichokuambia! Ngoja kidogo tu, mwanangu, kidogo tu. Kuna wingu nyuma ya Kipengere, naliona kutoka hapa. Nimebebesha vikonyo mwezi uliopita tu kwenye ile miche ya safu ya juu, vimeshika, vimetoa majani. Lusungu, mwanangu. Itapanda."

Akalisikia mwenyewe. Lusungu alijua amelisikia, kwa sababu pumzi ilikatika kule, na hakuna neno lililofuata. Halafu kikaja kilio kidogo, cha chini, cha mtu anayejaribu jirani asijue.

"Mshumaa," alisema Bwana Chengula. Hakumfokea. Aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti chake na kuuacha hapo.

Mia tatu na ishirini. Lusungu alikuwa na maneno mawili kutoka koo moja. Moja lilisema uza usinisikilize, jingine lilisema nisikilize usiuze. Ingekuwa rahisi kusema sheria inachagua la kwanza, lakini alikuwa ameshaivunja sheria, haikuwa na cha kumwambia tena. Aliwaza kwamba Mama Edina wa siku ile, aliyesimama mbele ya miche na roho imetulia, alimjua huyu anayelia sasa. Alimwona anakuja. Alimwonea huruma mapema, akamfungia mlango kwa mikono yake mwenyewe. Huyu wa sasa hakumjua yule. Alikuwa na miche tu, na wingu.

Lusungu alimpenda kupita alivyoweza kusema. Kama angempenda kidogo zaidi, au kidogo pungufu, angengoja.

"Nimesikia, mama," alisema.

Alijua Kauli inasikiliza. Alilisema lile neno moja kwa wote wawili, na kwa wote wawili lilikuwa kweli. Mshumaa ulizimwa kwenye kioo, na pale uliposimama pakaandikwa bei ya mauzo. Mia tatu na kumi.

Simu upande wa pili haikukatwa. Walikaa hivyo, mmoja analia, mwingine anasikiliza, mpaka kengele nyingine ikalia na Lusungu akalazimika kuvaa kisikilizio.

* * *

Ukungu uliingia baada ya chakula cha mchana.

Uliteremka kutoka Kipengere kwa uzito, ukafunika nyavu, ukafunika minara, ukafunika mji hadi watu wakawa wanagongana barabarani na kuombana radhi huku wanacheka. Bei ilipanda kwa kasi ile ile iliyoshukia. Soko lilipofungwa ilikuwa mia nne na thelathini.

Lusungu alikwenda kwa miguu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, mpaka langoni kwa Mama Edina. Majirani walikuwa wamekwisha kujaza mapipa, madumu, beseni, hata sufuria ya pilau ya msiba, kabla bomba halijafungwa. Mama Edina alikuwa ameinama kwenye safu ya juu, akigusa majani.

"Imepanda?" aliuliza bila kugeuka.

"Imepanda, mama."

"Mpaka wapi?"

Alimwambia. Akamwambia na mengine, kwa sababu alikuwa ameapa njiani kwamba hili moja hatalificha: kwamba kabla hajapiga simu hisa zingeuzwa kwa mia tatu na themanini, na kwamba muda wa simu ile ndio uliozishusha hadi mia tatu na kumi. Na kwamba kama angeuacha mshumaa uzimike, zingekuwepo zote, na bomba lingekuwa wazi.

Mama Edina aliisikiliza hesabu hiyo, akasimama taratibu huku ameshika kiuno.

"Kwa hiyo ungenitii ningeumia kidogo. Ungenidharau nisingeumia kabisa. Umenionea huruma, nimeumia zaidi."

"Ndiyo, mama."

"Ni soko la ajabu hilo."

"Nisamehe."

"Ulijua kwamba ukungu utakuja?"

"Hapana."

"Nami sikujua. Niliona wingu. Amoni naye kila siku alikuwa anaona wingu." Alifuta mikono kwenye kanga. "Lisingekuja lile wingu, leo tungekuwa tunakushukuru wewe kwa akili yako, na ungekuwa ni yule yule, umefanya lile lile. Sitakununia kwa sababu ya hali ya hewa. Kwa simu, hapo nitakununia kidogo. Mpaka Jumapili."

Lusungu alicheka na machozi yakatoka humo humo. Mama Edina alimpa ncha ya kanga.

Fedha ya mauzo ilitosha kununua hisa upya, pungufu kuliko zile za mwanzo. Bomba lingefunguka nusu. Safu ya chini, ile michanga, wangeigawa kwa majirani wenye maji kabla haijanyauka. Safu ya juu ingebaki. Mama Edina alikuwa ameshaupanga huo mgawo kichwani wakati analia, alisema, maana mtu anaweza kufanya yote mawili.

"Na wewe? Watakufukuza?"

"Bwana Chengula ameitaja simu. Lakini ameshinda kutwa amevaa kisikilizio, anapitia maagizo ya zamani. Amekuta pumzi nyingine. Nyingi. Ameziandikia wizara barua ndefu kuliko ile ya kunishtaki."

"Chengula? Amewaandikia wizara?" Mama Edina alitikisa kichwa. "Nitamrudishia kiti chake."

Alikwenda mbele ya bomba, akainyoosha kanga, akaliamuru lisikilize. Taa ndogo ikawaka. Hisa za kununuliwa kesho zilihitaji basi jipya leo, sheria ni ile ile.

"Mimi Edina Mligo. Hisa zangu zote za Ukungu. Zikishuka hadi mia tatu na hamsini, basi..."

"Kauli imepokelewa," lilisema bomba.

"Haijapokelewa! Basi subiri kwanza nim..."

"Kauli imepokelewa."

"Mama, usilitaje hilo neno," alisema Lusungu. "Likilisikia tu linakata. Taa ikiwa bado inawaka agizo linafutika; lifute, uanze upya, na neno hilo lisitoke mdomoni mpaka umalize."

"Nitaongeaje sasa bila... bila hilo?"

Ilimchukua majaribio ambayo majirani walisimama kuyatazama. Kila alipokaribia lilimponyoka, bomba likapokea, yeye akalitukana kwa Kibena. Hatimaye alifumba macho jinsi alivyofundisha watoto wa kwaya kufumba, na Lusungu akaisikia ile pumzi fupi, ya kuingilia, kabla ya neno.

"Mimi Edina Mligo. Hisa zangu zote za Ukungu. Zikishuka hadi mia tatu na hamsini, ziuzwe. Nikiomba zingojewe, nisisikilizwe." Alinyamaza. Taa iliendelea kuwaka. Safari hii ilimngoja. "Zikishauzwa, Lusungu anipigie simu. Hili naliagiza, na liandikwe kama agizo, ili asije akakatazwa na mtu. Akishauza, anipigie, akae kwenye simu, nisilie peke yangu."

Alifumbua macho, akamtazama mwanafunzi wake.

"Basi," alisema.

"Kauli imepokelewa," lilisema bomba.